Beni: Kabla ya kununua pikipiki, shemeji yangu aliikodi mwezi mzima



Kuna swali linalonifikia karibu kila juma. «Mama, nina dola elfu moja na kitu. Ninunue pikipiki?» Wanaouliza ni vijana waliotoka vijijini, ni akina mama wajane wenye mtoto mkubwa wa kiume, ni wababa waliokuwa na shamba la kakao na leo wana ufunguo tu wa chumba cha kupanga. Jibu langu limekuwa lile lile: usinunue bado. Kodi ya mtu mwezi mzima, andika kila jioni, ndipo uamue. Wengi hawapendi jibu hilo. Wanasema kukodi ni kumlisha mwenye pikipiki huku mwenyewe ukibaki na njaa. Kwa hiyo leo ninaeleza kwa hesabu, na mfano ninaoutoa ni wa nyumba yangu, kwa ruhusa ya mwenye jambo.

Mwenye jambo ni mdogo wa mume wangu. Alifika kwetu na mke wake, watoto wanne na mama yao mzee, kutoka kijiji kimoja upande wa Mbau ambacho sitakitaja. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, walikuwa wamekimbia mara tatu na kurudi mara tatu. Mara ya nne waling'oa mabati ya nyumba. Anayejua maisha ya kwetu anaelewa maana yake: mtu anayeng'oa mabati hafikirii tena kurudi mwezi ujao. Mabati yakauzwa, mbuzi sita wakauzwa, na magunia ya mwisho ya kakao yakauzwa kwa bei ya haraka, ile bei ambayo mnunuzi anaitaja bila kukutazama machoni. Jumla ilikuwa dola 1,100.

Ninataka msikie vizuri fedha hiyo ni nini. Kwa mtu mwenye mshahara, dola 1,100 ni akiba. Kwa familia iliyohama, ni shamba, ni nyumba, ni mifugo, na ni mahari ya kijana anayefuata, vyote vimefungwa ndani ya kitambaa kimoja. Ikipotea, hakuna kitu kingine cha kung'oa.

Shemeji alitaka pikipiki mpya, aina ya Kihindi, ya 125. Dukani bei ilikuwa dola 1,350. Pikipiki nyingi tunazoziona hapa zinashuka bandarini Mombasa, zinavuka Uganda na kuingilia Kasindi, kilomita 80 kutoka hapa mjini, kwa hiyo njia ikisumbua kidogo bei inapanda, ikitulia inashuka kidogo, ila haishuki sana. Juu ya bei kuna plaki, kuna asiransi, kuna karatasi nyingine, kuna kofia mbili. Tulihesabu dola 150 za ziada. Alipungukiwa na 400. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kumkopesha hizo 400, arudishe 500 kwa miezi mitano, yaani dola 100 kila mwisho wa mwezi. Mikono ilikuwa karibu kupeana. Mama mkwe ndiye aliyesema: «Kwanza muulizeni huyu wa redio.» Huyu wa redio ni mimi.

Sikumkataza. Nilimuuliza tu swali moja: «Shemeji, pikipiki hapa mjini inaingiza ngapi kwa siku?» Akasema wenzake wa paki ya karibu wamemwambia elfu arobaini, hata hamsini. Nikamuuliza kama aliwahi kuona mmoja wao akizihesabu. Hakuwahi. Yeye alijua kuendesha, hilo ni kweli, alikuwa akibeba magunia kwenye njia za shamba tangu ujana. Lakini kubeba gunia lako mwenyewe ni jambo moja, na kutafuta abiria kutoka asubuhi mpaka jioni katikati ya wamotari mia wanaotafuta abiria yule yule ni kazi nyingine.

Sasa, kwa wale ambao hawajui, hapa kwetu mtu anaweza kupata pikipiki kwa njia tatu. Anaweza kuinunua kwa fedha yake. Anaweza kuichukua kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka iwe yake. Ao anaweza kuikodi kwa siku: asubuhi unaichukua, jioni unamletea mwenyewe fedha mliyopatana, inayobaki ni yako. Hiyo fedha ya jioni ndiyo wamotari wanaiita versement.

Njia ya pili inawavutia wengi, kwa hiyo niseme neno. Nilisoma mkataba mmoja wa namna hiyo, wa jirani. Dola 45 kila juma, kwa majuma 52. Chukua kalamu: ni dola 2,340 kwa chombo kilichokuwa kinauzwa dukani 1,350. Na ndani kuna mstari unaosema ukikosa majuma mawili mfululizo, mwenyewe anaichukua, na uliyokwisha kulipa hairudi. Jirani alikuwa amefika juma la 31. Simlaumu aliyeandika mkataba, kila mtu analinda mali yake. Ila mtu aliyekimbia vita anajua kwamba majuma mawili mabaya hayahitaji mwaliko ili yaje.

Tukachagua njia ya tatu. Pikipiki nyingi za kukodi hapa si za matajiri. Ni za walimu, wauguzi, wauzaji wa vitenge, watu wenye kamshahara kadogo wanaotafuta cha kuongezea. Tulimpata mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye motari wake alikuwa ameondoka kwenda Bunia. Pikipiki yake ilikuwa na miaka mitatu. Kiti kimechanika, injini nzuri. Tulipatana franka 10,000 kila jioni, siku sita, na siku ya Mungu ni ya motari mwenyewe.

Halafu tukaandika. Hapa ndipo nilipokuwa mkali kidogo, na mwalimu alinicheka kwamba ninaandika kama polisi. Tuliweka kwenye karatasi ya daftari: nani analipa pancha (motari), nani analipa mafuta ya injini (motari), nani analipa cheni, piniyo na kila kinachohusu ndani ya injini (mwenye pikipiki). Tuliandika kwamba pikipiki ikilala kwa fundi kwa ajili ya injini, siku hiyo hakuna versement. Tuliandika pia jambo ambalo watu wa miji mingine wataliona la ajabu: siku ya mji kufa, yaani ile siku ambapo vikundi vya vijana ao shirika la kiraia wanaomba shughuli zote zisimame, hakuna versement vilevile. Bila mstari huo, motari analipa kwa siku ambayo akitoka anapigwa mawe. Chefu wa avenyu aliweka sahihi kama shahidi, na mwalimu akatupatia kopi za karatasi zote za pikipiki. Bila kopi hizo usikubali kuondoka na pikipiki ya mtu, hata kama ni mtoto wa mama yako mdogo.

Nilimpa shemeji daftari la mwanafunzi la kurasa 32. Nilimwomba aandike kila jioni kabla ya kula, kwa sababu baada ya kula mtu anasahau pancha. Safu tano: iliyoingia, petroli, versement, fundi, na «mengine». Alidhani «mengine» itakuwa tupu.

Ninalo daftari hilo mbele yangu. Siku ya kwanza: iliyoingia 17,000. Petroli 8,000. Versement 10,000. Alirudi nyumbani akiwa amepungukiwa na franka 1,000, ambayo mke wake aliitoa kwenye fedha ya sombe. Siku ya pili 21,000. Siku ya tatu mvua ilinyesha kutoka saa tano mpaka saa tisa, akaingiza 14,000, na hiyo ni kwa kuwa alikubali kubeba watu kwenye matope ya Mabakanga ambako wenzake walikataa. Siku ya nne 26,000. Siku ya tano akaanza kujua kitu ambacho hakuna aliyemwambia pakini: mji una saa zake. Kutoka saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, wanafunzi na wafanyakazi. Halafu kimya. Saa tano akina mama wanaotoka soko la Kilokwa na mizigo. Halafu kimya kirefu, ambapo motari mwenye hekima anazima injini na motari mgeni anazungukazunguka akiunguza petroli. Jioni tena watu wengi, lakini jioni yenyewe ni fupi, kwa sababu pikipiki zinatakiwa kuingia mapema kwa ajili ya usalama. Mahali pengine saa za usiku ndizo zenye fedha. Kwetu saa hizo hazipo.

Kuhusu petroli, alijifunza pia. Juma la kwanza alinunua kwa kadafi, wale wanaouza kwenye chupa na vidumu kando ya barabara, kwa sababu wako karibu. Juma la pili akaanza kwenda stesheni asubuhi moja kwa moja na kujaza ya siku nzima. Chupa ya kadafi haijai kila mara, na mara nyingine pikipiki inakohoa baadaye. Haikuwa tofauti kubwa, ila kwa siku ilimwachia bei ya sabuni.

Safu ya «mengine» ndiyo iliyomkasirisha. Jeto ya kila siku ilikuwa franka 500, hiyo ina karatasi. Lakini kuna ile isiyo na karatasi. Kizuizini mtu anaangalia plaki, anaangalia asiransi, vyote vizuri, anaanza kuangalia taa ya nyuma. Kwa mwezi mzima shemeji aliandika franka 17,000 za namna hiyo. Sisemi zilikwenda kwa nani. Ninasema tu kwamba ziko, na kwamba muuzaji wa pikipiki dukani hakuzitaja.

Juma la pili kulikuwa na mji kufa siku mbili. Juma la tatu cheni ilikatika karibu na Rond-point, na fundi akasema piniyo nayo imekwisha meno. Mwalimu alinung'unika. Alisema motari anakanyaga sana, ndiyo sababu. Tulileta karatasi, akaisoma, akatoa franka 38,000. Aliweka fedha mezani bila kutuangalia, na jioni ile aliwatuma watoto wake watuletee ndizi. Ninaliandika hili ili mjue kwamba karatasi haivunji urafiki. Kilichokuwa karibu kuuvunja ni zile dakika kumi za kabla ya kuisoma.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lilinisukuma kuandika haya.

Siku ya posho ya juma la pili, mnunuzi mmoja alimwita shemeji pembeni. Kulikuwa na kakao iliyokauka tayari, magunia machache, upande wa Mbau. Mwenye shamba hawezi kuitoa yeye mwenyewe. Alihitaji motari anayezijua njia ndogo. Franka 45,000 kwa safari moja. Shemeji anazijua njia hizo kuliko mtu yeyote pale pakini, alizaliwa kwenye njia hizo. Alikwenda bila kutuambia. Alitoka alfajiri, akarudi saa nane mchana, nguo zimejaa matope, na aliweka zile 45,000 juu ya meza mbele ya mama yake.

Mama hakuzigusa. Mke wake aliuliza: «Ulipita wapi?» Akajibu. Mke akatoka nje.

Wasikilizaji wetu hawahitaji maelezo. Wanajua pikipiki ngapi zilichomwa kwenye njia zile pamoja na waliokuwa juu yake, na wengine wenu mnayajua majina. Mimi mwenyewe nimekwisha kusoma majina hayo hewani, na mara moja nilisoma jina la mtu aliyewahi kunibeba. Ukiuliza wamotari, watakwambia wazi: fedha nzuri ya kazi hii iko huko. Wale waliotaja elfu arobaini na hamsini hawakudanganya. Walikuwa wanahesabu safari za shambani, na walikuwa hawasemi ni safari za wapi.

Usiku ule tulikaa, mume wangu, shemeji, mama mkwe na mimi. Nilifungua daftari. Nikamwambia: «Shemeji, siku zako za mjini zinakuachia elfu tano, elfu sita hivi. Ungekuwa umenunua, na una deni la dola 100 kila mwisho wa mwezi, huyu mnunuzi akikuita tena kesho, utamjibuje?» Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: «Nitakwenda.» Nikamuuliza: «Na sasa, na hii ya kukodi?» Akasema: «Sasa ninaweza kukataa. Jioni nikikosa elfu kumi, mwalimu atanikasirikia, basi.»

Mnunuzi alimwita tena mara mbili kabla ya mwezi kwisha. Mara zote mbili alikataa, na kila mara aliandika kwenye daftari, kwenye safu ya iliyoingia, neno moja: «Hapana». Sikumwomba aandike hivyo.

Mwisho wa mwezi tulijumlisha. Alifanya kazi siku 23: siku 21 za versement, na siku mbili za Mungu baada ya ibada. Iliyoingia yote, pamoja na zile 45,000, ni franka 598,000. Versement 210,000. Petroli 184,000. Mafuta ya injini mara mbili, pancha nne na lame za breki, 44,000. Jeto 11,500. Zile zisizo na karatasi, 17,000. Zilizobaki mkononi ni franka 131,500. Dola ilikuwa inabadilishwa mitaani kwa franka 2,800, kwa hiyo ni karibu dola 47 kwa kazi ya mwezi mzima ya mwanaume mwenye nguvu. Ukiondoa ile safari moja ya Mbau, ni chini ya dola 35.

Mtu atasema: kumbe versement ndiyo inayokula. Ni kweli, na hesabu hiyo tuliifanya vilevile, maana sikutaka kumdanganya. Kama pikipiki ingekuwa yake, zile 210,000 zingebaki nyumbani. Toa 38,000 za cheni, ambazo angelipa yeye. Zinabaki 303,500, karibu dola 108 kwa mwezi. Chombo cha dola 1,500 pamoja na karatasi zake kingerudisha fedha yake baada ya miezi 14 hivi, kama kila mwezi ni kama huu, bila ugonjwa, bila ajali, bila wizi, bila injini kufa, na bila kukimbia tena. Kununua si ujinga. Ninawajua wamotari wawili wa Butembo waliojenga kwa pikipiki. Lakini angalia lile deni: dola 100 zinatoka, zinabaki dola 8 za kulisha watu saba. Miezi mitano. Hapo ndipo kakao ya Mbau ingekuwa inaendesha pikipiki badala yake yeye.

Kuna na mambo ambayo hayaingii kwenye safu. Mgongo ulimuuma kuanzia juma la tatu. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi, tukamnunulia miwani ya plastiki sokoni. Mtoto wake wa mwisho alianza kulala mapema ili asiwe macho wakati baba anachelewa. Na kuna jambo zuri pia: alipata watu. Mtu aliyehama anakaa uani siku nzima kama kuku aliyenunuliwa jana. Baada ya mwezi mmoja, shemeji anaitwa kwa jina kutoka Ngongolio mpaka Kasabinyole, wamotari wenzake walimchangia alipouguliwa na mtoto, na amewekwa kwenye likelemba ya paki. Hilo angelipata hata kwa pikipiki ya kununua, ndiyo. Ila alilipata bila kuuza usingizi wa mama yake.

Alijua vilevile ni pikipiki gani angetaka siku akinunua, na si ile ya dukani aliyoipenda mwanzo. Ile ina plastiki nyingi za urembo ambazo kwenye matope yetu zinavunjika mwezi wa kwanza. Sasa anataka yenye springi ngumu za nyuma, yenye kiti kirefu, na zaidi ya yote ya aina ambayo kila fundi wa kila kona ana piesi zake. Anasema alijifunza hilo siku ya cheni, alipokaa kwa fundi saa tatu akiangalia ni pikipiki zipi zinatengenezwa na kuondoka, na zipi zinalala pale pembeni zikisubiri piesi kutoka Kampala.

Niongeze kidogo kuhusu magari, kwa kuwa kuna waliouliza. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, kukodisha gari kwa watu wa kupambana na ugonjwa kulikuwa kazi ya fedha nyingi hapa Beni na Butembo, na kuna watu waliouza kiwanja ili wanunue jeep. Kazi ilipokwisha, jeep ilibaki. Nyingine ziko uani mpaka leo, watoto wanachezea usukani. Hao walinunua kwa kuhesabu miezi mizuri. Mwezi wa kukodi unafaa zaidi ukiangukia kwenye kipindi kibaya, cha mvua, shule zimefungwa, abiria wachache. Kwetu mvua ni mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nafasi hazikosekani.

Kile tulichoamua ni hiki. Mfanyabiashara wa mkopo aliambiwa asante. Dola 200 zilikwenda kwa mke wa shemeji, ambaye sasa anauza mawese na samaki wa chumvi mbele ya lango letu, na ninaweza kuwaambia kwamba kuna siku anamshinda mume wake. Dola 60 zililipa shule na dawa za mama. Zilizobaki ziko mahali ambapo mama mkwe na mimi tunapajua, na hapo sitaendelea, maana redio inasikilizwa na kila mtu. Shemeji anaendelea kukodi. Baada ya mwezi wa kwanza tulirudi kwa mwalimu na daftari, tukamwonyesha kurasa, na kwa sababu yeye ni mtu wa hesabu alielewa haraka. Alishusha versement mpaka 8,000 kwa muda wa mvua. Alisema kwamba kwa miaka mitatu hakuna motari aliyewahi kumwonyesha maandishi, wote walimwonyesha mikono mitupu.

Mwezi huu ni daftari la pili. Juzi jioni mwalimu mwenyewe aliuliza kama shemeji hataki kununua hii hii, kwa dola 750, maana anayajua magonjwa yake yote kuliko mtu mwingine. Ni bei ya kufikiria, tena bila deni. Shemeji aliipapasa tangi, akaangalia mawingu upande wa Ruwenzori, akamjibu: «Mwalimu, tuache kwanza mvua iishe. Kesho nitakuletea 8,000 yako.»